Mshale Hausogei Jumapili

Jumapili, 8 Januari

Mshale wa presha ya turbo ulipanda hadi moja ukagoma. Nilikanyaga mafuta hadi sakafuni, haukusogea. Chini ya boneti kulikuwa na sauti ya fsss, na nyuma moshi mweusi uliofunika michai. Jana mdogo wangu Dhanuka alipanda barabara hiihii ya shamba la chai, na gari hilihili, mshale ukafika moja na nusu.

Baba alikuwa juu kwenye kiwanda cha chai na saa yake ya kupimia muda. Aliitazama, akatema tambuu, akaenda zake.

Mkataba wake ni huu. Macho yamemchosha, hapandi tena milima. Mimi na mdogo wangu tunagawana gari, Jumamosi la kwake, Jumapili la kwangu. Siku ya majaribio, tarehe 2 Aprili, mwenye muda bora ndiye atakayepanda Nuwara Eliya kwenye mbio za magari za kupanda mlima za msimu. Mwingine atashika spana. Mimi spana nimeshika tangu nimalize shule na sitaki kuzeeka nayo mkononi.

Alhamisi, 12 Januari

Nimelipima. Nimeziba mdomo wa turbo kwa kifuniko cha bomba la maji nilichokitoboa na kukitia vali ya tairi, nikajaza hewa kwa kompresa, nikapaka maji ya sabuni kila kiungo, kuanzia turbo hadi kwenye kipoza hewa hadi injini. Panapovuja hewa hutoka povu. Hakuna povu hata moja. Dhanuka alisimama mlangoni anakula ndizi, akauliza kama mgonjwa amepona au nimemmaliza.

Jumapili, 15 Januari

Moja. Fsss. Moshi.

Jumamosi, 21 Januari

Mama amemfunga Dhanuka uzi mweupe wa baraka kwenye kifundo cha mkono, ule wa hekaluni unaosomewa na watawa. Humfunga kila Jumamosi kabla hajatoka. Mimi nilishakataa. Mkono wangu unaingia kwenye injini, na isitoshe sipendi kufungwafungwa. Alipoufunga kwenye usukani niliukata kwa kisu mbele yake. Akaokota vipande bila kusema neno, na kutosema kwake huniudhi kuliko angenitukana.

Mchana Dhanuka alipanda. Nilikaa kwenye kona ya kiwandani kumtazama. Anafunga breki mapema mno, taratibu kama anayesindikiza jeneza, kisha anatoka kwenye kona kwa kishindo ili watu wadhani ni shujaa. Mwaka jana kule Nuwara Eliya, Baba alipomwachia usukani, alifanya vilevile kwenye kona ya ukuta, mbele ya umati, nami nikamwita mwoga kwa sauti ya watu wote kusikia. Leo nimemwita tena.

Jumatano, 25 Januari

Nimekwenda Katugastota kwa Selvam, anayeuza mipira ya mabomba. Nilimwambia mipira yake inavuja. Akanijibu kuwa mipira yake imefungwa kwenye malori yanayopanda Hatton kila siku na hakuna lori lililolalamika. Nikamwambia malori hayana turbo kama langu. Akasema malori yana madereva. Nimenunua mipira mipya yote na vibano vipya, kwa hasira, na nimeapa sitarudi dukani kwake.

Jumapili, 29 Januari

Mipira mipya. Mshale, moja. Nilipofika juu Baba alisema neno la kwanza tangu mwaka uanze: "Hewa haivuji, binti. Mguu wako ndio unaovuja."

Jumatatu, 30 Januari

Nimepima tena. Hakuna povu. Naanza kulichukia gari hili.

Jumapili, 5 Februari

Mvua. Hatukupanda. Afadhali.

Jumapili, 12 Februari

Kwa mara ya kwanza nimesikia mwenyewe wanavyonisema. Marafiki wa Dhanuka walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa mfereji, na mmoja akasema gari la turbo linamjua mwanamke, halimpi pumzi. Dhanuka hakumkatiza. Alicheka, tena kile kicheko chake cha chini kinachoanzia puani.

Usiku sikula. Mama aliniletea chai ya maziwa gereji, akawasha taa ndogo mbele ya sanamu ya Buddha iliyo kwenye rafu ya vipuri, kama anavyofanya kila alfajiri na kila jioni, akaniambia nisijali, Jumapili zipo nyingi. Nikamwambia aniache. Akaniacha.

Jumapili, 19 Februari

Moja. Fsss.

Jumatano, 22 Februari

Nimekaa na kufikiri badala ya kufungua vitu. Jumamosi gari ni zima. Jumatatu gari ni zima. Jumapili linavuja. Hakuna mpira unaojua siku za wiki, basi kuna mkono. Na mkono huo ninaujua, umevaa uzi mweupe.

Jumapili, 26 Februari

Moja. Sikujali. Nilikuwa namtazama Dhanuka tu.

Jumapili, 5 Machi

Dhanuka ameniambia, mbele ya Baba, kwamba nikitaka anaweza kunifundisha kubadilisha gia. Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia dereva anayefunga breki nusu kilomita kabla ya kona hana la kumfundisha hata dereva wa trekta. Baba alicheka. Mara ya kwanza msimu huu amecheka kwa sababu yangu, na nililala vizuri.

Jumamosi, 18 Machi

Jioni, baada ya Dhanuka kurudisha gari, nimepaka rangi nyekundu ya kucha juu ya skrubu ya kila kibano, nusu kwenye skrubu na nusu kwenye chuma. Atakayeizungusha ataivunja rangi. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 20 Machi

Rangi imevunjika kwenye kibano kimoja, cha mpira wa chini unaotoka kwenye kipoza hewa, mahali ambapo mkono unapita kwa shida. Vingine vyote vizima. Kibano chenyewe kimekazwa vizuri. Mtu alikilegeza, kisha akakikaza tena.

Nilimfuata Dhanuka jikoni. Sikumsalimu. Nilimwambia namjua, najua anachofanya kila Jumapili alfajiri kabla sijaamka, na kama ana ubavu anishinde barabarani, si gizani kwa bisibisi. Alinitolea macho. Akauliza nimekunywa nini. Nikampigia meza. Naye akaipiga, sahani ya dengu ikaanguka.

"Akka, dada yangu," akasema, "sikuhitaji kulegeza kitu ili nikushinde."

Mama alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna. Baba alisema kama tunataka kuuana twende uani, yeye anakula. Tangu hapo mimi na Dhanuka hatusemeshani. Tukitaka kitu tunamtuma Mama.

Jumamosi, 25 Machi

Nimevunja kiapo, nimerudi kwa Selvam. Safari hii hakunitania. Alisema sabuni haioni kila kitu, hasa chini ambako jicho halifiki. Moshi ndio unaotafuta njia wenyewe. Yeye huweka ubani, ule wa kanisani na wa nyumbani, kwenye kopo la bati lenye makaa, na kuusukuma moshi ndani kwa pampu ya miguu. Amenichotea ubani kwenye karatasi na hakuupima.

Kesho nitapima alfajiri, kabla gari halijatoka. Nitamwita Baba aone kwa macho yake, hata kama ni mabovu. Nataka Dhanuka awepo.

Jumapili, 26 Machi

Nataka kuandika kwa mpangilio.

Kulikuwa na ukungu. Nilimwamsha Baba, nikagonga mlango wa Dhanuka kwa teke. Wakaja wote wawili na blanketi mabegani. Rangi kwenye kibano cha chini ilikuwa imevunjika tena, na jana jioni niliipaka mwenyewe. Nilimwonyesha Baba, nikamtazama Dhanuka. Yeye alimtazama Baba na kusema alilala kwa rafiki yake Gampola, amerudi saa ileile nilipogonga, na viatu vyake bado vina umande. Kweli vilikuwa na umande. Nilijitia sioni.

Nikawasha makaa, nikatia ubani, nikasukuma moshi. Ukajaa mabomba. Kwa muda hakikutokea kitu, kisha uzi mwembamba wa moshi ukatoka chini ya mpira wa kipoza hewa, ukapanda taratibu mbele ya bampa. Gereji nzima ikanukia hekalu. Nikalala chini, nikafungua kibano, nikavuta mpira. Chini yake, kwenye mdomo wa bomba la chuma, palikuwa pamezungushwa uzi mweupe wa baraka, mara nyingi, kwa uangalifu, na ncha zake zimefungwa fundo dogo. Juu ya uzi huo mpira hauwezi kubana. Presha ikiwa ndogo unashika. Ikipanda unajiinua, na hewa yote inatoka.

Niliinua kichwa. Mama alikuwa mlangoni na sinia la chai.

"Mkononi hutaki," akaniambia. "Kwenye usukani ulikata. Nilitafuta mahali usipotazama."

Niliuliza kwa nini sijawahi kuuona Jumatatu. Alisema aliutoa kila Jumapili jioni nikiwa naoga, kwa sababu nikifungua injini nitauona na kuutupa kwenye mafuta machafu, na dhambi ya uzi uliosomewa itamwangukia yeye. Ana miaka mingi ya kumshikia Baba taa. Bisibisi anaijua kuliko mwiko. Na mbele ya sanamu kila mtu humwona anainama, hakuna anayeuliza anainamia nini.

"Hukujua kwamba unapunguza presha?" nikamuuliza.

Akaweka sinia juu ya pipa.

"Mwanzoni sikujua. Halafu ukaanza kurudi nyumbani unalia kwamba gari ni zito, haliendi. Nikashukuru. Nikasema basi, uzi umesikia." Akamtazama Baba, kisha mimi. "Dhanuka anaogopa, atarudi mzima. Wewe huogopi kitu."

Dhanuka alianza kucheka, akashindwa kusimama, akakaa juu ya tairi anafuta machozi. Baba hakucheka. Alimwambia Mama asiingie tena gereji, si alfajiri si jioni, si kwa taa si kwa ufagio, na kwamba amemfanya mjinga mbele ya watoto wake kwa msimu mzima. Alisema kwa sauti ya chini, na kila neno lilikuwa baya. Mama alichukua sinia lake.

Mimi nilifurahi. Niandike hivyo hivyo. Nilifurahi kusikia anavyosemwa.

Sikumwomba Dhanuka radhi. Hakudai.

Jumatatu, 27 Machi

Taa ya kwenye rafu haijawashwa.

Jumapili, 2 Aprili

Majaribio. Dhanuka alitangulia. Kisha mimi. Mshale ulipita moja bila kusita, ukapita moja na robo, ukafika moja na nusu, na gari likanisukuma kwenye kiti hadi nikasikia mbavu. Kona ya kiwandani ilikuja mapema kuliko nilivyoizoea. Nilipita, sijui vipi, tairi la nyuma likigusa majani. Nimemshinda kwa sekunde mbili na zaidi kidogo. Baba alinipa saa nisome mwenyewe.

Dhanuka alinivulia kofia kwa dhihaka, akauliza kama namruhusu kuosha magurudumu. Nikamwambia aanze na la nyuma.

Nyumbani Mama alikuwa amepika wali wa maziwa. Nilikula bila kumtazama.

Ijumaa, 14 Aprili

Mwaka mpya wa jadi yetu. Jana jioni mwaka wa zamani ulikufa na mpya ulikuwa haujazaliwa, na kwa saa hizo za katikati hakuna anayegusa kazi, hata moto jikoni hauwashwi. Spana zilikaa. Nilizunguka gari nikiwa na mikono mfukoni kama mwizi. Leo saa ya heri ilipofika Mama aliwasha moto, maziwa yakafurika upande mzuri, wakashangilia. Watoto tunapaswa kumwinamia na kumpa bulati, majani ya tambuu. Dhanuka alimwinamia. Mimi niliweka bulati mezani.

Jumamosi, 22 Aprili

Nuwara Eliya. Baridi. Maua, farasi, watu wa Colombo na miwani yao. Tumepangisha vyumba viwili nyuma ya soko la mboga. Mazoezi yamefutwa kwa sababu ya mvua, kwa hiyo barabara ya mbio nimeipanda kwa miguu tu. Kona ya ukuta, ukiwa chini yake, ni ukuta kweli: mawe, na juu yake watu wamekaa miguu inaning'inia. Niligusa mawe. Yalikuwa na maji.

Jumapili, 23 Aprili

Mama alituletea chai kwenye maegesho ya magari ya mbio asubuhi. Alisimama mbali na gari letu, mikono nyuma, kama alivyoamriwa. Mimi nilipima kwa moshi kabla ya kupanga foleni. Mpira mmoja baada ya mwingine. Hakuna kilichotoka. Rangi ya kucha nzima kwenye kila skrubu.

Bendera ikashuka. Kona ya kwanza na ya pili nilizipita vizuri. Baada ya hapo mshale ukafika moja na nusu, injini ikapiga kelele, na ukuta ukawa mbele yangu, mkubwa, na miguu ya watu ikining'inia juu yake, na nikaelewa kwamba msimu wote nimekuwa nikiingia kwenye kona nikiwa na nusu ya gari. Ujasiri wangu ulikuwa wa gari linalovuja. Nilifunga breki. Nilifunga mapema, kwa miguu yote miwili, magurudumu yakalia, gari likakaribia kusimama. Umati ukazomea. Nilifika juu nikiwa wa mwisho kwenye kundi letu, isipokuwa mmoja aliyeharibikiwa na gia. Zamu ya pili nilifunga breki palepale.

Baada ya mbio niliangalia vibano. Rangi ilikuwa nzima.

Tulikula chumbani, wali na dengu na sambo, kachumbari ya nazi na pilipili, mlango wazi kwa sababu ya moshi wa jiko. Baba hakugusa chakula. Alisema mwezi ujao kuna mbio za Diyatalawa na anataka jibu moja. Kama ni gari, nitapanda mimi tena, ni haki yangu. Kama ni dereva, anapanda Dhanuka, na mimi nirudi kwenye spana.

Sikupata nafasi ya kufungua mdomo.

"Ni mimi," akasema Mama. "Niliweka uzi tena. Asubuhi, nilipoleta chai."

Baba alimgeukia. Sitaandika aliyomwambia. Yalikuwa ya tarehe 26 Machi mara kumi, na mlango ulikuwa wazi, na wapangaji wa chumba cha pili walinyamaza ili wasikie. Alimwambia atapanda basi kesho peke yake. Mama hakujitetea. Aliinamisha kichwa, akapokea neno baada ya neno, na mara moja tu aliinua macho akanitazama mimi, haraka, na macho yake yalikuwa yananiambia ninyamaze.

Huyu ndiye mtu aliyezunguka gizani kila Jumapili ili nisiende kasi. Sasa anakubali kutukanwa mbele ya wageni ili nipate kwenda tena. Nilimkasirikia. Nilitaka kiti kile. Bado nakitaka, ninapoandika hivi nakitaka.

"Mama hakuweka kitu," nikasema. "Nilipima kabla, nimekagua baada. Rangi nzima. Gari lilikuwa zima, Baba. Niliogopa."

Baba alivuta sahani yake. Kisha akaanza kula.

Mama aliinuka. Alipopita nyuma yangu alisema kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia, "Nilikuokolea kiti, ukakitupa mwenyewe," na sijawahi kusikia sauti yake ikiwa kali namna ile. Akatoka nje kwenye baridi bila shali.

Nilisukuma funguo za gari upande wa pili wa meza. Dhanuka hakuzichukua mara moja. Nilingoja anitanie. Nilikuwa tayari, hata nilitamani, nilikuwa na maneno yangu mdomoni. Akauliza, kwa mara ya kwanza tangu Machi akinisemesha bila dhihaka, kwenye kona ya ukuta nilifunga breki wapi.

Nikamwonyesha. Sahani yangu ikawa ukuta, kijiko kikawa barabara, na nikaweka kopo la chumvi mahali nilipokanyaga.

Alilitazama muda mrefu. Kisha akalishika kwa vidole viwili, akalisogeza nyuma zaidi, mbali na ukuta kuliko nilivyoliweka mimi.

"Mimi huanzia hapa, akka," akasema. "Kila mara."